Sanda ya Mtu Aliye Hai

Fomu ilikuwa na maswali kumi na manne, na kumi na matatu niliyajibu kwa ukweli. Niliandika jina langu, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, anwani ya duka letu la mtandaoni, na mahali pa bidhaa nikaandika: vitabu. Swali la tisa liliuliza kama nimewahi kufungiwa akaunti ya kupokea malipo na kampuni yoyote. Chini yake palikuwa na viduara viwili, Ndiyo na Hapana. Nikabonyeza Hapana, nikashuka upesi kwenye swali la kumi, ambalo lilitaka kujua tu kama nina leseni ya biashara.

Nilikuwa nimekaa chumbani kwangu Uyole, nyumbani kwa dada yangu, nimezungukwa na maboksi. Sisi ni watano tunaokutana Jumamosi mjini Mbeya kusomeana tulichoandika, na mwaka huu tulichanga tukachapisha vitabu vitano, kila mtu chake. Wasomaji wetu wengi hawako Mbeya. Wako Dar es Salaam, wako Nairobi, wengine wako ughaibuni wanakolipa kila kitu kwa kadi. Bila akaunti ya mfanyabiashara, ile inayoruhusu duka kupokea malipo ya kadi, duka letu lilikuwa picha ya duka tu. Msomaji angechagua kitabu, angeandika anwani yake, kisha angefika mahali pa kulipia na kukuta hakuna kitu. Wenzangu walinikabidhi mimi kazi ya kuitafuta akaunti hiyo kwa sababu niliwahi kuuza mtandaoni. Walijua duka langu la kwanza lilifungwa. Niliwaambia biashara ilikuwa ngumu.

Siku ya tatu nikapigiwa simu na dada mmoja wa kampuni ya malipo. Sauti yake ilikuwa ya upole, na nyuma yake simu nyingine zilikuwa zinaita.

"Kaka, habari za Mbeya? Baridi ipo?"

"Ipo ya kutosha."

"Poleni. Sasa kaka, hapa kwenye swali la tisa umejibu hapana."

Nikasukuma boksi moja kwa mguu.

"Mfumo unaonyesha kitambulisho hiki kilifungiwa mwaka juzi. Sababu wameandika, maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Au ni mtu mwingine, namba zimeingiliana?"

Alikuwa ananifungulia mlango wa nyuma kwa huruma, na kwa muda niliutazama mlango ule.

"Ni mimi," nikasema.

"Haya. Mimi siyo hakimu, kaka. Kufungiwa siyo mwisho, tunao wengi walifungiwa wakarudi. Ungejibu ndiyo tu ingekuwa rahisi. Sasa nitahitaji barua mbili. Moja ya kwako, ueleze kilichotokea. Ya pili ya huyo aliyeandikiwa uongo, aseme mmemalizana, aweke saini."

"Aliyeandikiwa uongo?"

"Ndiyo. Hapa wameandika marehemu." Akasita. Nikamsikia akisoma tena kwa kunong'ona. "Hapana, samahani. Wameandika, mtu aliyetajwa kuwa marehemu."

Duka langu la kwanza liliuza vikapu vya Iringa. Nilikuwa nimempata msusi katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji, mama wa makamo mwenye vidole virefu, aliyesuka kwa milulu, yale majani membamba ya majimaji ambayo wanawake wa huko huyakata, huyakausha, kisha huyalowesha tena ili yalainike. Vikapu vyake vilibana kiasi kwamba ukimimina maji ndani, yalifikiri kwanza kabla ya kutoka. Nilivipiga picha mlangoni kwake kwenye jua la asubuhi, nikaviweka mtandaoni. Mwezi mzima viliuzika viwili.

Ndipo nikaanza kuviandikia hadithi. Mwanzoni zilikuwa za kweli: jinsi anavyokwenda kukata milulu na wenzake, jinsi mama yake alivyomfundisha. Kisha siku moja, vidole vyake vikiwa kazini, akanisimulia habari za mume wake. Mzee huyo alifanya kazi ya kukata miti Sao Hill, karibu na Mafinga, na mti ukamvunja mguu. Alilazwa miezi mingi. Mama akawa anasuka pembeni ya kitanda chake, anawauzia wauguzi, na hivyo ndivyo walivyoishi mwaka ule. Alipokuwa ananisimulia, mzee mwenyewe alipita mbele yetu akichechemea, ndoo ya maji mkononi. Akaiweka chini ili anisalimie vizuri, kwa sababu kwao mtu hasalimiwi na aliyebeba mzigo.

Nilipokaa kuandika nikaona mguu uliovunjika hautoshi. Sentensi ilikuwa inaelekea mahali pengine na mimi nikaifuata. Niliandika kwamba mti ulimwangukia na hakurudi nyumbani. Niliandika kwamba kikapu hiki kilisukwa na mjane, pembeni ya kitanda kitupu. Nikaisoma kwa sauti, na ikanitoa machozi. Machozi yale yananiaibisha kuliko uongo wenyewe. Nilimlilia mtu ambaye siku ileile aliweka ndoo chini ili anisalimie.

Vikapu viliisha kwa wiki mbili. Niliagiza vingine, vikaisha. Mama alifurahi sana, akaniuliza siri ni nini. Nikamwambia ni picha.

Mpwa wa mzee, anayeishi Dar es Salaam, ndiye aliyeuona ukurasa wangu. Aliiona sura ya mke wa mjomba wake, akasoma neno mjane. Akapiga simu Iringa, simu ya nyumbani kwao ikawa imezima kwa kukosa chaji. Habari ya msiba haisubiri chaji. Akawapigia ndugu wengine, ndugu wakapigiana, na kesho yake asubuhi wanawake wa kijiji cha jirani walijitwika unga na maharage na kuni, wakaja wakilia kuanzia barabarani. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba anafunga maharage kwenye miti. Alisikia kilio kinakuja upande wake, akadhani jirani amefiwa. Akavaa koti, akatoka akichechemea kwenda kuuliza ni nani ametutoka. Mwanamke aliyetangulia alipomwona aliangusha ungo wa unga, unga wote ukamwagika njiani.

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilichokijua ni simu ya mama, alipopata chaji. Hakunifokea. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, umetuandikia nini?"

Nikasema mtandao unasumbua, simsikii vizuri. Nilikuwa namsikia kama aliyeketi mbele yangu. Nikakata, nikazima simu, nikafuta ukurasa. Wateja walioandika kuuliza niliwajibu kwamba ni kosa la tafsiri, ingawa hakuna aliyetafsiri chochote. Niliandika mwenyewe kwa lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza. Mpwa yule akapeleka malalamiko kwenye kampuni ya malipo, wateja wakadai warudishiwe fedha zao wakarudishiwa, na akaunti ikafungwa. Pesa ya mama ya vikapu vya mwisho niliituma kwa simu bila neno. Sikumpigia tena. Ilipita miaka miwili.

Baada ya simu ya yule dada wa kampuni, sikufikiria barua. Nilifikiria jina la dada yangu.

Dada yangu anauza viazi sokoni Uyole. Ana leseni, ana namba ya mlipakodi, na jina lake halijawahi kuandikwa mahali popote kwa wino mwekundu. Nilimkuta anashona mdomo wa gunia kwa kamba, goti lake likiwa juu ya viazi.

"Dada, nataka akaunti ya duka la vitabu iandikwe kwa jina lako."

"Na jina lako limepatwa na nini?"

"Lina tatizo dogo."

"Dogo kama nini? Mimi hili gunia nalibeba kwa sababu najua ndani kuna viazi. Nitabebaje mzigo ambao mwenyewe umeufunga macho?"

Nikamweleza. Nilieleza nikitazama viazi. Nilipofika kwenye kitanda kitupu, alikaa juu ya gunia akacheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka.

"Alikufa na miaka mingapi?"

"Dada, hakufa."

"Najua hakufa! Nauliza ulimwandikia mingapi."

"Hamsini na nane."

"Mchoyo wewe. Ungemwachia hata astaafu." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha kicheko kikamwisha, akanitazama vingine. "Ulikwenda kuwapa pole?"

"Pole ya nini, na mtu yu hai?"

"Ya waliolia. Walilia kweli, au walilia kwa kosa la tafsiri?"

Niliokota kiazi kilichodondoka, nikakiweka mezani.

"Jina langu liache, mwandishi. Lina wateja wake." Akarudi kwenye kamba yake, akaivuta kwa meno. "Ukienda Iringa usiende mikono mitupu. Nyumbani kuna mchele wa Ubaruku, pima kilo kumi."

Niliondoka na basi la asubuhi, mchele miguuni, na ndani ya begi barua mbili nilizozichapa tayari. Barua ya mzee niliiandika kwa niaba yake. Ilisema kwamba suala husika lilitokana na mkanganyiko wa taarifa, na kwamba pande zote zimefikia maelewano. Njia nzima niliisoma na kuipunguza maneno, na kila nilipoipunguza ilizidi kuwa safi, mpaka mtu ambaye hakujua jambo lenyewe angedhani tuligombania mpaka wa shamba.

Nyumba yao ilikuwa ileile. Mama alikuwa barazani, milulu imeloweshwa kwenye beseni, kikapu kimefika nusu mapajani mwake. Alinitambua kabla sijafika. Mikono yake ikasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniita mwanangu. Akageukia ndani. "Baba, mgeni wako amekuja. Yule aliyekuzika."

Mzee akatoka. Nilikuwa nimemkumbuka mrefu, kumbe ni mtu mfupi, mpana wa mabega, fimbo mkono wa kushoto. Nikamwamkia, nikasukuma mfuko wa mchele mbele kwa mikono miwili.

Akautazama mchele. "Hata wewe umeleta chakula cha msiba? Umechelewa, kijana. Wenzako walileta siku ile."

Mama aliguna; sikujua kama ni kicheko. Mzee akanionyesha kiti. Nilikaa, nikaanza maneno niliyoyapanga ndani ya basi, kwamba nasikitika, kwamba nilikuwa kijana. Yeye akaniambia nilikuwa kijana mwaka juzi na sasa ninaonekana bado kijana, kwa hiyo tuliache hilo la ujana. Nimekuja kutafuta nini?

Nikamweleza habari ya akaunti, ya wenzangu, ya vitabu vilivyojaa chumbani, ya saini. Nilimpa barua. Akaisogeza mbali na macho, akanirudishia.

"Nisomee."

Nikasoma. Kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya mtu yule, maneno yale safi yalisikika kama vyombo vitupu vinavyogongana.

"Sasa nisomee ile nyingine," akasema.

"Ipi, mzee?"

"Ile niliyokufa. Watu wote wameisoma isipokuwa mimi. Walinihadithia tu vipande."

Nikamwambia niliifuta. Akaendelea kunitazama. Ukurasa nilikuwa nimeufuta, lakini maandishi nilikuwa nayo kwenye simu. Sikuwahi kuyafuta. Nilikuwa nimeyaficha ndani ya faili lenye jina la kitu kingine, kwa sababu yalikuwa mazuri na niliyapenda. Hilo pia ilibidi lijulikane siku ile. Nikatoa simu, nikayatafuta, nikaanza kusoma.

Nilisoma juu ya mvua ya asubuhi ile msituni, juu ya msonobari uliosita kabla ya kuanguka, juu ya kofia iliyoletwa nyumbani bila mwenyewe. Nilipofika kwenye kitanda kitupu mama aliinuka, kikapu kikaanguka kutoka mapajani, akaingia jikoni. Nikasikia anasogeza sufuria ambayo haikuhitaji kusogezwa. Nikamaliza.

"Ulikuwa mkaratusi," mzee akasema.

"Mzee?"

"Mti. Umeandika msonobari. Ulikuwa mkaratusi. Na mvua haikunyesha, palikuwa na vumbi tupu. Na sikukaa kimya kama ulivyosema hapo, kwamba nilitazama mbingu. Nilipiga kelele nikamwita mama yangu, na mama yangu alishakufa zamani. Nikajikojolea. Vijana walionibeba walinitania mwezi mzima." Akapapasa goti lake. "Ungeandika hiyo nisingekasirika."

Mama akajibu kutoka jikoni, hakujitokeza. "Mimi ningekasirika."

"Wewe una haki yako," mzee akamwambia.

Akanitaka nichukue karatasi nyingine. Nilikuwa na daftari. Akaniambia niandike kwa mkono, hapohapo, nilichofanya, bila kukivisha nguo. Nilijaribu. Mstari wa kwanza aliukataa, wa pili aliukataa pia, akasema bado unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe niliandika hivi: Niliandika kwamba mzee huyu amefariki. Hakufariki. Niliandika hivyo ili vikapu viuzike. Nimekwenda nyumbani kwake nimemwambia.

Ilinichukua muda mrefu kuliko kurasa nyingi nilizowahi kuandika.

"Hiyo nitaisaini," akasema. Akaandika jina lake chini kwa herufi kubwa, taratibu, akipumzika kati ya herufi na herufi. Alipomaliza hakunipa karatasi. Aliishika.

"Kuna kitu kimoja. Siku ile dada yangu mkubwa alitoka Mafinga. Ni mtu mzima kuliko mimi, amenilea. Alisimama dukani njiani akaninunulia sanda. Alifika hapa nayo chini ya kwapa akanikuta nakula ugali."

Akaigeuza karatasi mikononi.

"Hakuingia ndani. Alisema sanda ya mtu aliye hai haiingii nyumbani kwake, wala yeye hawezi kurudi nayo kwake, itakuwa kama anamtafutia mtu mwingine. Akaiacha kwa mwenyekiti wa kitongoji, akarudi Mafinga siku ileile. Tangu hapo hajakanyaga hapa. Nikimpigia simu anasema hajambo, anakata. Na mwenyekiti kila tukikutana ananiuliza, mzee, ule mzigo wako lini?"

"Nitaupeleka kwake, mzee. Nitamweleza."

"Subiri." Akanipa karatasi, akaikunja mwenyewe ndani ya kiganja changu. "Barua yako hiyo. Nimeshasaini. Sitaki uende kule kwa sababu ya karatasi. Ukienda, nenda. Usipokwenda, utajua mwenyewe."

Mwenyekiti wa kitongoji alinipa sanda kwa furaha kubwa, ikiwa bado kwenye mfuko wa dukani, mita kadhaa za bafta nyeupe, kona moja imegeuka njano. Mama hakutoka kuniaga. Lakini nilipopita karibu na dirisha la jikoni alisema, si kwa ukali, "Mchele nitaupika. Chakula hakina kosa."

Ningependa kuandika kwamba nilishuka Mafinga. Basi lilisimama pale, karibu na magari yaliyopakia mbao, harufu ya utomvu ikaingia madirishani, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Nilikuwa na maelekezo ya nyumba: nyuma ya karakana ya seremala, mlango wa bluu. Nilikuwa na sanda mapajani. Jirani yangu wa kiti aliniuliza kama nashuka, anipishe. Nikasema hapana, naendelea. Nilijiambia kampuni inasubiri barua, wenzangu wanasubiri, nitarudi wiki ijayo nikiwa nimetulia. Kondakta akagonga bodi, tukaondoka. Nilikuwa tayari nimepata saini, na mzee aliponipa kabla ya safari alikuwa ananipima, au alikuwa ananiheshimu. Kwa vyovyote, nilikuwa nimekaa.

Barua zote mbili nilizituma kesho yake. Swali la tisa nilibadilisha jibu. Yule dada wa kampuni akanipigia ndani ya wiki.

"Kaka, imepita. Ila kwa miezi ya mwanzo malipo yenu yatakaa kwetu siku kadhaa kabla hayajaingia, ni masharti kwa waliowahi kufungiwa. Mtavumilia?"

"Tutavumilia."

"Halafu," akashusha sauti, kama mtu ambaye swali lake halimo kwenye fomu. "Hii barua ya mzee ni fupi sana. Bosi wangu aliisoma mara mbili. Aliuliza, huyu mzee ana hali gani?"

"Mzima."

"Mshukuru Mungu."

Jumamosi nilipowaambia wenzangu kwamba akaunti imepatikana walipiga makofi. Mmoja akataka kujua niliwezaje. Nikawasomea ile barua ya mistari minne. Makofi yakaisha. Kuna mmoja, mwenye kitabu cha mashairi, alicheka akidhani ni kazi mpya ninayoiandika, akasema mwanzo ni mzuri. Nikamwambia siyo kazi. Baada ya hapo tulizungumzia bei za posta, na kila aliyezungumza na mimi alizungumza kwa adabu zaidi kidogo kuliko ilivyokuwa kawaida yetu ya kutaniana.

Oda ya kwanza iliingia siku mbili baadaye. Nilipokwenda kutoa kitabu kwenye boksi, mfuko wa sanda ulikuwa juu yake, nilikouweka niliporudi. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi. Nilidhani atatania. Hakutania.

"Chumba hiki ni cha kwangu," akasema. "Kitabu kipeleke posta. Na hicho kipeleke kwa mwenyewe, leo."

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Bibi alikuwa uani anachambua maharage, mtu mkubwa wa mwili, kichwani amejifunga kitambaa cheusi. Nikamwamkia kutoka nje ya ua. Nikasema mimi ni nani. Nilikuwa nimejizoeza njiani kusema bila kukivisha nguo, na nikasema: mimi ndiye niliyeandika kwamba kaka yako amekufa, nimekuletea sanda yako.

Hakuinuka. Aliendelea na maharage, mabovu anatupia kuku.

"Nani amekutuma?"

"Yeye. Lakini alisema nisipotaka nisije."

"Karatasi yako ulishapata?" Kumbe alikuwa ameshapigiwa simu.

"Nilishapata. Wiki iliyopita. Nilipita hapa na basi, sikushuka."

"Najua ulipita. Nilikungoja siku ile. Nilipika." Akatupa haragwe jingine. "Nililia kutoka hapa mpaka Iringa, kijana. Ndani ya gari la mbao, kwa sababu mabasi yalikuwa yameshapita. Dereva wa watu alinipa kitambaa chake cha kufutia mikono, kinanuka mafuta. Nikafika kaka yangu anakula. Unajua nilifanya nini? Nilimkasirikia. Nilimkasirikia yeye, kwa kuwa hai. Nikaona aibu, nikaondoka. Hiyo ndiyo uliyonifanyia. Mengine hayo ya karatasi sijui."

Nilisimama. Kuku walikuwa wanapita kati ya miguu yangu. Nilikuwa nimetayarisha samahani, nikaisema, ikatoka ndogo.

Akajipangusa mikono, akainuka kwa shida, akachukua mfuko. Aliitoa sanda nje, akaitikisa mara moja, vumbi la miaka miwili likaruka kwenye jua. Ilikuwa ndefu, ikafika chini.

"Ona," akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Nilinunua ya mtu mrefu. Yule ni mfupi tangu utoto, mimi ndiye niliyekuwa nampandisha juu ya kinu aone ndani ya chungu. Lakini dukani pale nilimwona mrefu. Nikamwambia muuzaji, ongeza, ongeza."

"Hata mimi nilimkumbuka mrefu," nikasema. Nilitaka kuyarudisha maneno hayo papo hapo, lakini hakuyajibu.

"Shika huku."

Nikaweka begi chini, nikashika ncha mbili. Yeye akashika zake, akarudi nyuma mpaka kitambaa kikanyooka kati yetu. Tukakikunja kwa urefu. Alikuwa ananielekeza kwa kidevu, hivi, siyo hivyo, kaza. Kisha akanijia, hatua kwa hatua, akaweka ncha zake juu ya zangu, na vidole vyake vikavigusa vyangu. Akaichukua sanda kutoka mikononi mwangu bila kunitazama, akaikunja mara ya mwisho kifuani mwake.

"Sasa nitampigia," akasema, akaingia nayo ndani.

Nilibaki uani. Sikujua kama nisubiri au niondoke. Ndani nilimsikia akiita jina la kaka yake kwenye simu, kwa nguvu, kama watu wanavyowaita walio mbali.